Stima Ikikatika, Lifti Isikwame: Mwongozo Kamili wa Kupanga Zamu za Sola, Betri, Jenereta na Lifti

Swali huja kwa maneno yale yale: "Fundi, tumefunga sola, betri tumenunua, jenereta ipo chini, na stima ikikatika lifti bado yakwama. Tuongeze betri?"

Msiongeze. Kwenye majengo mengi niliyoyapanda hapa Mombasa, mitaa ya Kizingo, Tudor na Nyali, vifaa vilikuwa vinatosha. Kilichokosekana ni zamu: kifaa kipi kianze, kipi kingoje, kipi kizimwe chaji ikishuka, na nani ampe habari mwenziwe. Ukinunua betri ya pili bila zamu, utakuwa na betri mbili na lifti iliyokwama.

Nawaandikia kamati za wakaazi, wasimamizi wa majengo na mafundi wa umeme. Hutakuwa fundi wa lifti ukimaliza kusoma, lakini utajua umwagize nini mkandarasi, na umkatalie nini.

Mfano nitakaoutumia ni jengo la ghorofa kumi lenye nyumba 40. Lina lifti mbili za kilo 630 (watu wanane) zinazokwenda mita moja kwa sekunde, na pampu ya kilowati 5.5 inayopandisha maji kwenye matangi ya juu. Badilisha tarakimu ziendane na jengo lako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa chochote

- Kipima umeme cha fezi tatu (nyaya tatu za moto) kinachoweka rekodi, angalau kwa siku saba. Kukodisha kunatosha.
- Kipima mpangilio wa fezi, yaani zinafuatana kwa utaratibu upi. Ni kidogo kama simu, na ndicho kitakachokuokoa kwenye hatua ya nne.
- Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri na sola uwe kama wa stima) ya fezi tatu, inayoweza kusimama yenyewe gridi (stima ya Kenya Power) ikiondoka, pamoja na betri za lithiamu aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfati).
- Chenjiova (swichi ya kubadilisha chanzo cha umeme) yenye kufuli ya kimakenika, isiyoweza kamwe kushika gridi na jenereta kwa pamoja.
- Kidhibiti kidogo (PLC) chenye matundu ya kuingiza na kutoa ishara. Inveta nyingine zinacho ndani, lakini mimi napenda kilicho kando.
- Draivu, yaani kidhibiti cha kasi ya mota, ya kuanzishia pampu polepole.
- Fundi wa sola mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya) inayofaa mfumo wa gridi na betri, na kampuni ya lifti inayokubali kuunganisha nyaya za ishara kwenye paneli yake. Pata kibali hiki kwa maandishi. Wapo wanaokubali mdomoni na siku ya kazi hawafiki.

Onyo: mtu wa sola asifungue paneli ya lifti, na mtu wa lifti asiguse betri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka lifti ikaguliwe kila miezi sita na mkaguzi aliyeidhinishwa. Mageuzi yoyote ya paneli mwonyeshe, asije akayakuta mwenyewe.

## Hatua ya 1: Pima wiki nzima, Ijumaa ikiwemo

Funga kipima kwenye waya mkuu wa huduma za pamoja, yaani lifti, pampu, taa za ngazi, geti na kamera. Kiache siku saba.

Unatafuta vitu viwili: kilele na saa yake. Wastani hauna kazi hapa, maana inveta haizimiki kwa wastani.

Jengo la Mombasa lina saa zake. Asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu watoto na wafanyakazi wanashuka. Ijumaa kuelekea saa saba mchana wanaume wanateremka kwa Jumaa, karibu wote ndani ya robo saa. Kwenye mwezi wa Ramadhani kilele cha jioni husogea: kabla ya Magharibi kila mtu anapanda na mifuko mikononi, na baada ya Isha wanashuka kwenda tarawehe. Ukipima Jumatatu pekee utaliona nusu ya jengo.

Jambo moja litakushangaza kwenye rekodi. Lifti iliyosimama nayo inakula. Taa ya kabati (chumba wanachosimama abiria), feni, skrini na draivu huweza kuchukua wati 200 mchana na usiku, ambayo ni karibu kilowati-saa 5 kwa siku kwa kila lifti. Safari moja ya lifti hii, wastani wa kupanda na kushuka, haizidi sana kilowati-saa 0.03. Safari 150 ni kama kilowati-saa 4.5. Kwa hiyo lifti iliyolala yaweza kula sawa na iliyofanya kazi. Agiza kampuni ya lifti iweke taa na feni zijizime dakika mbili baada ya safari ya mwisho. Ni mpangilio tu kwenye paneli, hakuna kifaa cha kununua.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye kilele cha kila kifaa na saa yake.

## Hatua ya 2: Gawa mizigo mafungu matatu

Tenganisha nyaya kwenye bodi kuu, kila fungu na kontakta yake (swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa ishara):

1. Visivyozimwa: taa za ngazi, geti, kamera, intakomu. Kama kilowati 2.
2. Lifti, kila moja na breka yake (swichi ya bodi inayojikata).
3. Vinavyoweza kungoja: pampu ya maji, na chochote chenye tangi au kinachovumilia.

Nyumba za watu zisiingie kwenye betri ya pamoja. Nimeona kamati ikikubali "friji tu", na baada ya mwezi mmoja kuna kiyoyozi kwenye fungu la lifti.

## Hatua ya 3: Chagua inveta kwa kilele cha zamu

Lifti ina uzito wa mizani upande wa pili, uliopimwa kulingana na kabati lenye takriban nusu ya mzigo. Kwa hiyo mota haibebi kilo zote 630 hata likijaa. Inabeba tofauti, kilo 315 hivi. Kuinua kilo 315 kwa mita moja kwa sekunde ni kilowati 3.1. Ongeza upotevu wa mashine, unafika karibu 4.8. Ongeza nguvu ya kuondoka, hesabu 8 kwa sekunde chache.

Sasa pampu. Ya kilowati 5.5 hutumia ampea 11 hivi ikikimbia, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita au saba ya hizo, yaani karibu ampea 70. Kwa volti 415 hizo ni kVA 50, kipimo cha mzigo wote inaobebeshwa inveta. Inveta ya kilowati 20 itaanguka pale pale, na lifti iliyokuwa njiani itaanguka nayo. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya simu ninazopigiwa. Watu wanalaumu lifti na mkosaji ni pampu.

Weka draivu kwenye pampu. Itaanza polepole na haitavuka ampea zake za kawaida.

Hesabu ya zamu basi ni hii: lifti moja inaondoka (8), pampu inakimbia (6.3), vya lazima (2), na lifti ya pili imesimama (0.2). Jumla 16.5. Inveta ya kilowati 20 inatosha. Lifti zote mbili zikiondoka kwa pamoja huku pampu ikikimbia, ni zaidi ya 24, na haitoshi. Ama ununue inveta ya 30, ama uzuie kuondoka kwa pamoja. Kuzuia ni waya mmoja wa ishara: lifti ya pili ingoje sekunde tatu mwenziwe akiwa anaondoka.

Kwa betri, piga hesabu ya usiku wa giza wa saa sita. Vya lazima 12, lifti mbili zikiwa zimesimama 2.4, safari sitini 1.8. Ni kama kilowati-saa 16. Betri ya 20 itautoa usiku huo, jenereta ikisaidia mwishoni kwa zamu za hatua ya 7. Pampu haimo kwenye hesabu, kwa kuwa matangi yatajazwa mchana.

## Hatua ya 4: Fezi zizunguke upande mmoja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa nami nilianguka.

Jengo moja, mwezi wa Ramadhani, tulimaliza kazi alasiri. Gridi safi, inveta safi, jenereta ikawaka mara moja, tukapeana mikono. Stima ikakatika kabla ya adhana ya Magharibi. Chenjiova ikalia "ka!", jenereta ikashika, taa zikarudi, lifti ikakataa kutoka baina ya ghorofa ya nne na ya tano. Ndani mlikuwa na bibi mmoja, mjukuu wake, na sufuria ya uji wa futari imefunikwa kwa kitambaa. Nilipofika chumba cha mashine juu ya paa, kila kitu kilikuwa na umeme. Relei (swichi ndogo ya ulinzi) moja, pana kama kidole gumba, ilikuwa na taa nyekundu badala ya kijani. Ni relei ya mpangilio wa fezi. Jenereta ilikuwa ikizungusha fezi kinyume na gridi, na lifti, kwa haki yake, ilikataa kwenda na mota inayoweza kukimbilia upande usiotakiwa. Fundi wa lifti aliwatoa baada ya dakika ishirini na kitu. Bibi hakunitukana. Aliniambia tu, "Mwanangu, uji umepoa."

Kwa hiyo fanya hivi:

Pima mzunguko wa fezi mahali patatu: kwenye gridi, kwenye jenereta na kwenye kitokeo cha inveta. Zote zisome upande mmoja.

Ikiwa jenereta ndiyo iko kinyume, badilisha nyaya mbili kwenye kitokeo cha jenereta, ikiwa imezimwa na betri yake imefunguliwa. Usibadilishe kwenye lifti, maana utaifurahisha jenereta na kuikosesha gridi.

Onyo kubwa: yupo fundi atakayekwambia airuke relei ile kwa kipande cha waya. Mtoe kwenye jengo.

Hapo hapo angalia nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ardhi (waya wa usalama unaoingia ardhini). Gridi ikiondoka, inveta lazima iunganishe nyutro na ardhi yenyewe, na iachie gridi ikirudi. Panapaswa kuwa na kiungo kimoja tu kwa wakati mmoja. Kisipokuwepo, breka za kuzuia mtu kupigwa na umeme hazitafanya kazi yao.

Umefaulu ikiwa relei ya lifti ina taa ya kijani kwa kila chanzo, na pampu inatoa maji kwa nguvu ile ile.

## Hatua ya 5: Lifti isibadilishiwe chanzo ikiwa njiani

Gridi ikianguka ghafla huna la kufanya. Lifti itashika breki zake yenyewe. Lakini kurudi kwa gridi unakujua mapema, na ndipo watu wengi hukwama mara ya pili: stima inarudi, chenjiova inakimbilia gridi, na lifti iliyokuwa ikienda vizuri kwa betri inakatwa katikati ya safari.

Mpangilio wa kuandika kwenye kidhibiti:

Gridi ikipotea, subiri sekunde tatu. Fungua kontakta ya gridi. Hakikisha, kwa ishara ya kontakta yenyewe, kwamba imefunguka kweli. Ndipo inveta ianze kulisha. Uthibitisho huu ni kwa ajili ya fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo mtaa wa pili akiamini waya hauna umeme.

Gridi ikirudi, usiikimbilie. Ngoja dakika kumi za volti na frikwensi tulivu, kwa sababu stima yetu mara nyingi hurudi, hupepesa, huondoka tena. Kisha tuma ishara kwa lifti: malizeni safari, fungueni milango, simameni. Zikijibu "tayari", badilisha chanzo, halafu ziachie. Abiria atasubiri nusu dakika mlango ukiwa wazi. Hakuna aliyewahi kunilalamikia kwa hilo.

Agiza pia kila lifti iwe na betri yake ndogo ya kuifikisha ghorofa ya karibu. Hiyo ni akiba ya mwisho, hata mfumo mzima ukifa.

## Hatua ya 6: Umeme unaorudi kutoka kwenye lifti

Kabati likipanda tupu, uzito wa mizani ndio unaolivuta. Likishuka limejaa, abiria ndio wanaolivuta. Pande zote mbili mota inageuka kuwa jenereta. Kwa lifti yetu ni kama kilowati 2 zinazorudi.

Draivu za kawaida huuchoma umeme huo kwenye rezista juu ya paa. Ikiwa yako ni hiyo, ruka hatua hii. Lakini lifti mpya nyingi huurudisha kwenye nyaya za jengo. Gridi ikiwepo, ni faida. Gridi isipokuwepo, lazima uende kwa mizigo mingine au kwenye betri.

Sasa fikiria Ijumaa hiyo. Gridi imeondoka. Jua liko utosini, betri imejaa asilimia 100, na wanaume wanashuka kwa Jumaa, lifti zote mbili zikishuka zimejaa na kupanda tupu. Kilowati 4 zinarudi, vya lazima vinakula 2 tu, betri haina pa kuziweka. Volti inapanda, inveta inajilinda kwa kuzima, na jengo linaingia gizani mchana wa jua kali. Kisha kamati inasema betri ni ndogo!

Dawa ni tatu, nami huzipenda kwa utaratibu huu. Kwanza, gridi ikiwa haipo, betri isijazwe zaidi ya asilimia 90. Pili, pampu iwashwe chaji ikifika 90, ili umeme unaorudi uinue maji. Tatu, kama draivu inaruhusu, kampuni ya lifti iongeze rezista inayofanya kazi wakati wa betri pekee.

## Hatua ya 7: Andika zamu zenyewe

Hizi ndizo ninazoanzia nazo. Weka zako baada ya mwezi mmoja wa kuangalia.

- Chaji ikifika asilimia 90 na jua lipo: pampu iwake mpaka matangi yajae.
- Kati ya 60 na 90: lifti zote mbili, kuondoka kwa zamu, pampu imelala.
- Chini ya 60: lifti moja. Ya pili ishuke chini, ifungue mlango, ipumzike.
- Chini ya 35: jenereta iwake.
- Chini ya 20, kwa mfano jenereta imekataa: lifti iliyobaki ishuke chini, ifungue mlango, izimwe. Taa na geti vibaki.

Kila mpaka uwe na pengo la kurudi. Lifti ya pili ikizimwa kwa 60, irudi kwa 70. Bila pengo, chaji itachezacheza baina ya 59 na 60, na lifti itawashwa na kuzimwa mpaka kontakta iungue.

Jenereta ya kVA 30 isiachwe ikizunguka bila mzigo. Dizeli ikichomwa chini ya asilimia 30 ya uwezo hujaza masizi kwenye mashine. Ikiwaka, iipe kazi: chaji betri, pandisha maji, peleka lifti. Chaji ikifika 80, izime. Saa mbili za kazi nzito ni nafuu kuliko saa sita za kunguruma bure.

Kuhusu lifti moja, wakaazi watapinga, kwa hiyo nenda mkutanoni na hesabu. Safari ya kwenda na kurudi yenye vituo vitano ni kama sekunde 125: 60 za mwendo, 50 za vituo, 15 za watu kuingia chini. Ikibeba watu sita, kwa dakika tano inapandisha kama 14. Jengo lina watu 160 hivi, na hiyo ni karibu asilimia 9. Jengo la makaazi linahitaji 5 hadi 7.5. Lifti moja inatosha. Kinachoongezeka ni kungoja, kutoka dakika moja hadi mbili.

Stima ikiwepo, jambo la maana ni pahali pa kulala lifti: asubuhi moja ilale ghorofa ya sita, jioni zote zilale chini. Mwezi wa Ramadhani sogeza saa hizo.

## Hatua ya 8: Chumvi na joto

Betri usiweke juu ya paa. Chumba cha mashine wakati wa kaskazi ni tanuri. Ziweke chini, penye hewa, juu ya jukwaa, maana masika maji huingia.

Boliti za paneli ziwe za chuma cha pua daraja la 316. Makabati ya vifaa vya nje yawe IP65 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji) au zaidi. Oshea paneli maji matamu. Maji ya kisima ya chumvi yanaacha utando mweupe unaoziba jua.

## Hatua ya 9: Jaribio la giza

Tangaza siku mbili kabla. Weka mtu mwenye redio kila lifti, na fundi wa lifti chumba cha mashine. Kisha:

1. Zima breka ya gridi lifti zote mbili zikiwa njiani, tupu. Zifike ghorofa ya karibu na milango ifunguke.
2. Zipeleke kwa betri, huku pampu ikiwaka. Taa zisipepese.
3. Jaza watu saba, shusha kutoka juu betri ikiwa 90. Soma volti kwenye inveta. Isipande kiasi cha kuizima.
4. Pandisha mpaka wa jenereta kwa muda, upite chaji iliyopo, ili jenereta iwake. Angalia relei ya fezi.
5. Rudisha gridi. Hesabu dakika kumi. Lifti zisimame milango ikiwa wazi kabla ya chenjiova kulia.

Moja likishindwa, rudia yote tangu mwanzo, si lile moja. Andika tarehe, saa na matokeo kwenye karatasi, uifunike plastiki kwa ajili ya unyevu, uibandike ndani ya mlango wa bodi. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na mojawapo iwe wiki moja kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama.